"Hana utayari": kisa cha mama wa Nkuhungu aliyeacha kikundi cha sanaa

Mama wa kisa hiki ana miaka 31. Ni karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali huko Mtumba, na anaishi Nkuhungu na mume wake na watoto wawili. Wa kwanza, mvulana wa miaka minne, ameandikiwa rufaa ya kuchunguzwa usonji, utofauti wa ubongo unaogusa mawasiliano na namna ya kupokea sauti na mguso. Wa pili alikuwa na wiki sita, arobaini ndiyo kwanza imekwisha, mama alipojiunga na kikundi cha sanaa cha wazazi wanaonyonyesha kinachokutana Jumamosi asubuhi. Alikuja mara mbili, akaacha. Kwenye daftari la mahudhurio, mbele ya jina lake, muuguzi wa kikundi aliandika: "Hana utayari."

Kisa hiki kimeandikwa kwa sababu ya maneno hayo mawili. Utayari alikuwa nao. Alichokosa ni chumba, vifaa na maelekezo yanayoweza kutumiwa na mtu mwenye ubongo kama wake. Angalizo kabla ya kuendelea: mama huyu si mtu mmoja halisi. Tumeunganisha mambo yanayojirudia katika kazi ya aina hii, tukachagua umri, kazi na mtaa visivyomwelekea yeyote.

Alichokuja nacho

Siku ya kuandikishwa alijaza dodoso la Edinburgh, lile la maswali 10 lililochapishwa mwaka 1987 kwa ajili ya kubaini dalili za sonona baada ya kujifungua. Alipata alama 13 kati ya 30. Swali la 10, linalohusu mawazo ya kujidhuru, alijibu kwamba hayajamjia kamwe, na muuguzi akamuuliza tena kwa mdomo wakiwa wawili tu, kama inavyotakiwa. Alama 13 zinatosha kumpeleka mtu kwa daktari akafanyiwe tathmini. Hazitoshi kusema ana sonona. Dodoso linauliza siku saba zilizopita, na mama ambaye mtoto wake mkubwa huamka saa nane usiku na kuanza kukimbia chumbani anaweza kupandisha alama kwa uchovu na wasiwasi.

Katika mazungumzo yale alisema jambo moja ambalo halikuandikwa popote: "Kazini ukiniuliza faili liko wapi, nakwambia shelfu ya tatu, na ukienda unalikuta. Nyumbani nimepoteza kadi ya kliniki mara mbili ndani ya mwezi. Huyu wa nyumbani mimi simjui." Muuguzi aliyasikia hayo kama malalamiko ya kila mzazi. Kwa maoni yetu ndiyo yaliyokuwa taarifa muhimu kuliko zote za siku hiyo, kuliko hata zile alama 13.

Masjala ina rejista, ina namba za faili, ina saa ya chai na mtu wa kukuuliza. Mpangilio wote uko nje ya kichwa, umeandikwa na kubandikwa. Mtu mwenye ADHD, yaani hali ya ubongo ambayo umakini na upangaji wa mambo humponyoka, anaweza kufanya kazi vizuri sana mahali pa namna hiyo kwa miaka na asishukiwe kuwa na lolote. Likizo ya uzazi ilimwondolea mpangilio huo siku moja, ikampa mtoto mchanga asiye na ratiba. Juu ya hapo, homoni ya estrojeni hushuka ghafla baada ya kujifungua, nayo huchangia utendaji wa dopamini, kemikali inayohusika na umakini na kuanzisha kazi. Ukichanganya na kukosa usingizi, udhaifu uliokuwa umefichika unajitokeza wote kwa pamoja.

Chini ya hayo kulikuwa na mpito mwingine ambao kila mama huupitia, mwenye ADHD na asiye nayo. Mwanaanthropolojia wa Marekani Dana Raphael aliupa jina la Kiingereza "matrescence" katika miaka ya 1970, na waliomfuata wameulinganisha na balehe: mwili, nafasi katika ukoo, mahitaji ya watu na namna ya kujiona vinabadilika kwa wakati mmoja. Utafiti uliofanyika Uhispania na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba hata maumbile ya ubongo hubadilika kwa ujauzito wa kwanza, na mabadiliko hayo yalionekana bado yapo miaka miwili baadaye. Kwa mama huyu mpito ulikuwa na uzito wa ziada. Alihamia Dodoma ofisi yake ilipohama kutoka Dar es Salaam, akiwa na miaka 26. Mama yake mzazi na dada zake walibaki huko. Arobaini zote mbili amezimaliza chini ya uangalizi wa mama mkwe, ambaye anampenda lakini anaamini kwamba mwanamke anayesahau chungu jikoni ni mvivu tu aliyelelewa mjini. Majirani wana lao: "Ana mapepe."

Kwa hiyo kulikuwa na mambo matatu yanayofanana kwa nje: sonona inayowezekana, mpito wa umama, na utofauti wa ubongo wa tangu utotoni. Kila moja lina msaada wake, na kikundi hakikuwa na njia ya kuyatenganisha.

Vipindi viwili vilivyomshinda

Ukumbi ulikuwa wa mabati bila dari. Wanawake 14 na watoto wao walikaa kwenye mikeka, redio ikiwa imewashwa kwa chini ili pachangamke. Mwezeshaji aligawa rangi za vidole kwenye sahani, akasema: "Haya akina mama, leo kila mtu achore anavyojisikia." Baada ya saa mbili karatasi ya mama huyu ilikuwa nyeupe bado. Alikuwa ametoka kunawa mikono mara tano. Kipindi cha pili kilikuwa cha udongo laini uliolowa sana, kikaishia kwenye duara ambapo kila mmoja husimama na kueleza kazi yake mbele ya wengine. Zamu yake ilipokaribia alimfunga mtoto mgongoni, akaaga kwa kichwa, akaondoka.

Anzeni na masikio. Watu wengi wenye usonji, na baadhi ya wenye ADHD, hawachuji sauti kama wengine. Redio, mtoto anayelia kona ya tatu, bati linalotanuka kwa jua la saa tano, vyote huingia kwa nguvu ileile. Nguvu yote inaishia kuvumilia, na mtu anayevumilia kwa nje huonekana amenuna.

Kisha ngozi, na hapa ndipo wengi wanaofanya kazi hii hukosea kwa sababu rangi za vidole zinasifiwa sana. Mama anayenyonyesha anaguswa kutwa nzima. Kama ngozi yake ni nyepesi kuudhika, majimaji ya baridi yanayonata vidoleni ni mguso mwingine juu ya ile ambayo tayari imemshinda. Sandra Kagin na Vija Lusebrink, waliopanga nadharia ya matumizi ya vifaa katika tiba ya sanaa mwaka 1978, walitofautisha vifaa vinavyotiririka na vile vinavyokinza mkono. Rangi za maji na udongo wa majimaji hufungua hisia haraka na ni vigumu kuvidhibiti. Penseli, kalamu za nta, shanga na udongo mkavu kidogo humpa mtu mamlaka juu ya kinachotokea. Anayeanza akiwa amefurika apewe vinavyokinza kwanza. Kikundi kilianza upande wa pili kabisa.

Maelekezo nayo. Takriban nusu ya watu wenye usonji hupata shida kuzitambua na kuzitaja hisia zao, ingawa mwili unazihisi kwa nguvu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo achore anavyojisikia, umempa mtihani wa somo asilolisoma. Ile ya kusimama kwenye duara haihitaji maelezo marefu: kikundi kingeweza kuifuta kesho yake bila kupoteza chochote.

Chumba, saa na vifaa

Mwezeshaji alimtembelea nyumbani wiki mbili baadaye, peke yake, bila sare wala gari lenye nembo, ili majirani wasiulize. Hakumuuliza kwa nini aliacha. Alimuuliza sauti zipi zinamchosha, mikono yake inapenda kushika nini, saa gani ya siku kichwa huwa chepesi, nani anaweza kukaa na mkubwa, na mchanga hunyonya kila baada ya muda gani. Majibu yakageuzwa mpango.

Mahali palihamishiwa chumba cha ushauri cha zahanati, Jumamosi saa tisa alasiri, wagonjwa wakiwa wamekwisha. Watu watatu, wasizidi. Kiti chake mgongo ukutani, mlango akiuona. Kitenge kizito kilitundikwa ukutani kupunguza mwangwi. Ijumaa jioni alitumiwa ujumbe wenye picha ya vifaa vya kesho, na Jumamosi saa saba mchana ujumbe mwingine wa mstari mmoja. Ujumbe wa pili watu huuona kama usumbufu, lakini kwa mwenye ADHD miadi ya "kesho" haina uzito mpaka iwe ya "baada ya saa mbili".

Kipindi kilikuwa dakika 50, na mfuatano wake ulichorwa kwenye kadi ukutani: dakika 5 za kuingia, 15 za kazi ya kwanza, 5 za kunyonyesha na kujinyoosha, 20 za kazi ya pili, 5 za kufunga. Kila mmoja alikuta mezani karatasi 10 za mraba wa sentimita 15 zilizokatwa kwenye manila, penseli ya 2B, rula, na boksi la kalamu za nta 12 ambamo alichagua nne, nane zikaondolewa mezani. Pia vitambaa viwili, kimoja kimelowa na kingine kikavu, ili mkono usafishwe hapohapo bila safari za bombani. Mraba mdogo una sababu: unajaa kwa dakika 10, na kazi iliyokamilika ndiyo inayoipa nguvu kazi ifuatayo. Manila nzima humfanya mtu aliyechoka aanze, aache, kisha ajilaumu.

Kazi ya kwanza haikugusa hisia. "Dada, jaza mraba huu kwa mistari inayokwenda upande mmoja. Huu wa pili, mistari ikatane. Halafu nionyeshe mwili ulitulia kwenye upi." Alionyesha wa mistari inayokatana, akaomba karatasi nyingine tatu.

Wiki iliyofuata walichora mtu. Mwezeshaji alileta picha za michoro ya miamba ya Kolo, Kondoa, ile iliyoingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Binadamu wa Kolo ni warefu, wembamba, na nyuso zao hazikuhangaikiwa. Hilo liliondoa mambo mawili kwa mkupuo: "mimi sijui kuchora", na ulazima wa kuchora uso unaocheka au kulia. Kila mmoja alichora mtu wa namna hiyo, kisha akaweka alama mwilini mahali penye joto, penye uzito, na pasipotaka kuguswa. Mama huyu aliweka alama shingoni, kifuani na kwenye viganja. Maneno ya hisia yalifuata yenyewe dakika chache baadaye, na hakuna aliyeyadai.

Utepe wa miaka

Vipindi vya tatu hadi cha tano vilitumika kwa kazi moja, na ndiyo iliyogeuza kisa. Vipande vya manila vyenye upana wa sentimita 15 viliunganishwa kwa gundi mpaka utepe ukafika mita 2. Kila mwaka wa maisha ulipewa sentimita 6. Miaka 31 inakula sentimita 186, zikabaki 14 tupu mwishoni, na zinaachwa hivyo kwa makusudi. Chini ya mstari ziliandikwa alama za kushikia kumbukumbu: Darasa la Kwanza, kuhama nyumba, kidato, chuo, ajira, Dodoma, mimba. Bila hizo mtu huanza kubuni tarehe.

Rangi nne, kila moja na kazi yake. Njano kwa kupoteza vitu, kusahau na kushindwa kuanza. Nyekundu kwa kelele, mwanga, mguso na nguo. Bluu kwa nyakati ambazo hakujijua ni nani. Kijani kwa mambo yaliyokaa sawa. Alama ni duara dogo, bila maelezo. Rangi moja kwa kipindi, isipokuwa kijani, ambayo iliongezwa siku ileile ya bluu ili asirudi nyumbani na bluu peke yake.

Njano ilianza Darasa la Pili na haikukatika mpaka ajira. Hapo ikapungua sana, kijani kikajaa. Nyekundu ilianza mapema zaidi, akiwa na miaka mitano, sare ya chekechea yenye lebo shingoni. Bluu haikuwepo kabisa hadi miaka 27, mwaka wa mtoto wa kwanza. Ikatulia, kisha ikarudi kwa wingi kwenye sentimita sita za mwisho.

Mambo matatu yaliyokuwa yamechanganyika kwenye dodoso sasa yalikuwa yametandazwa mezani. Njano na nyekundu za tangu utotoni ni suala la namna ubongo ulivyo, na vigezo vya kitabibu vya ADHD vinataka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12. Bluu ilifuata uzazi na kuwa mbali na kwao. Dalili za wiki mbili zilizopita pekee zingebaki kwa daktari kuzipima kama sonona.

Tahadhari mbili hapa. Kumbukumbu ya mtu aliyechoka huvuta yaliyopita yafanane na leo, kwa hiyo mama aliombwa kumpigia mama yake mzazi na kuuliza bila kumtajia jibu. Bibi aliongeza njano mbili (daftari zilizoachwa kwenye daladala, na mbuzi aliyesahauliwa amefungwa juani) na akaikataa nyekundu moja. Ya pili: kwenye miaka 16 kulikuwa na nyekundu tano zilizobanana, na mama alipofika hapo alikaa kimya. Mwezeshaji hakuuliza. Kiwewe nacho humfanya mtu ashtuke kwa kila sauti na kukosa umakini, na kutenganisha hayo ni kazi ya mtaalamu wa afya ya akili. Alimwambia tu, "Hapa tunaweza kupaacha kama palivyo," na baadaye akamuuliza kama daktari anaweza kuonyeshwa sehemu hiyo. Alikubali.

Yaliyokwenda mrama

Rangi nyeusi ilileta ubishi kati ya wahudumu. Miraba ya mwanzo ya mama huyu ilikuwa myeusi karibu yote, na muuguzi akataka kuandika "huzuni kubwa". Alipoulizwa, mama alijibu kwamba kalamu nyeusi ndiyo iliyokuwa ngumu. Nyingine zilikuwa laini kwa joto la chumba na zilimwachia nta kucha. Rangi haina tafsiri mpaka mwenye kazi aitoe. Boksi likawekwa kivulini saa moja kabla, na wiki iliyofuata rangi zikarudi.

Shanga zilimpendeza kupita kiasi. Alipewa za kwenda nazo nyumbani, gramu 50, uzi na ratiba ya dakika 20 jioni. Jumatano alitunga kwa saa tatu, maharage yakaungua, mtoto akalia mpaka wifi akaja kugonga mlango. Kuzama namna hii ni sehemu ya ADHD, na kengele ya simu peke yake haisaidii kwa sababu huzimwa bila kusikilizwa. Kilichofaa ni kumpa kiasi kidogo: shanga za mistari mitatu tu kwenye kifuniko, nyingine zikafungiwa kabatini, na simu ikawekwa chumba kingine ili kuizima kumlazimu asimame. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka minne anayetia vitu mdomoni, shanga zilizofungiwa ni usalama pia. Chini ya miaka mitatu zisiwepo kabisa sakafuni.

Udongo ulirudishwa kipindi cha sita, Julai, safari hii ukiwa mgumu. Gramu 500 kila mmoja, unasukumwa kwa chupa ya soda katikati ya vibao viwili vyenye unene wa sentimita moja, unakatwa duara, unalazwa ndani ya bakuli lililotandikwa kipande cha kitenge. Vidole havizami kwenye tope. Lengo lilikuwa vibakuli vitatu vya kuweka mlangoni: funguo, kadi za kliniki, simu. Vya kwanza vilipasuka vyote. Julai ya Dodoma ina upepo mkavu, na ukingo mwembamba hukauka na kujivuta wakati kitako bado kimelowa. Vya pili vilichanganywa mchanga laini uliochekechwa, sehemu moja kwa tano za udongo, ukingo ukapakwa maji kwa kidole kimoja, kisha vikafunikwa kitambaa chenye unyevu na mfuko wa plastiki siku mbili, halafu kivulini siku saba. Vilisimama. Visipochomwa vinatosha kubeba funguo, ila vikilowa vinarudi udongo. Vumbi la udongo lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, lisifagiliwe kavu chumba chenye mtoto mchanga, na mikono inawiwe kwa sabuni kabla ya kunyonyesha.

Lililouma zaidi halikuhusu vifaa. Utepe ulirudi nyumbani, mume akaukuta kabatini, akauliza zile bluu zote za mwaka huu zina maana gani na kama ni yeye. Hakuwa na nia mbaya, lakini usiku huo mama hakulala. Karibu wakati uleule mhudumu mmoja alituma picha ya meza kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, jina likisomeka. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mchoro wenye jina la mgonjwa ni taarifa ya afya. Picha ilifutwa, mama akaombwa radhi ana kwa ana. Tangu hapo kila kazi iliingia bahasha ya kaki, na mwisho wa kipindi mama aliulizwa maswali matatu: inakaa wapi, nani anaweza kuiona, iandikwe jina gani. Swali la mwisho linahitaji subira. Kwa wiki nne aliandika "Mama" na jina la mtoto wa kwanza. Utepe aliuandika jina lake kamili, matatu. Hakuna aliyemwelekeza, na haifai kumwelekeza mtu.

Mume alialikwa mara moja, kwa ridhaa ya mama, dakika 20. Alionyeshwa kijani kwanza.

Siku ya 84

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Yeye alianza likizo wiki mbili kabla ya kujifungua, hivyo alirudi kazini mtoto akiwa na wiki 10, mara tu baada ya vipindi vipya kuanza. Anayo haki ya hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Kutoka Mtumba mpaka Nkuhungu ni mwendo wa kuvuka mji mzima, na daladala zilizimeza saa hizo. Alikubaliana na ofisi kuzitumia mwishoni mwa siku kwa kutoka mapema.

Wahudumu walitarajia kazi imwelemee, lakini njano zilipungua ndani ya wiki mbili, kama utepe ulivyokuwa umedokeza. Kilichopanda ni uchovu wa jioni: siku nzima kujizuia mbele ya watu, kisha watoto wawili na mama mkwe. Alipewa kifuko cha kukaa kwenye mkoba: kadi 12, kalamu mbili, dakika 10 za mistari ndani ya basi au baada ya kushuka, kabla ya kufungua mlango. Alikitumia mara mbili au tatu kwa wiki. Inatosha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, wa mwaka 2016, uliona kiwango cha kotisoli, homoni ya msongo, kikishuka kwa takriban robo tatu ya washiriki baada ya dakika 45 za kutengeneza sanaa, wenye uzoefu na wasio nao, lakini walikuwa watu 39 tu, na dakika 10 garini ni jambo jingine. Tusidai zaidi ya hapo.

Wanawake wengine wa kikundi, wengi wao Wagogo, walitaka kufunga mwezi kwa muheme, ngoma inayopigwa na wanawake. Alialikwa akaogopa sauti. Suluhisho lilikuwa kumpa ngoma ndogo ya mpigo usiobadilika, uani, dakika 10, akijua wimbo utaisha lini. Sauti unayoitoa mwenyewe huvumilika kuliko unayopigiwa. Alibaki mpaka mwisho.

Kadi za siku

Vipindi vitatu vya mwisho vilitengeneza kadi za ratiba kwa mtoto mkubwa: mraba wa sentimita 8, tendo moja kila kadi, mistari minene, hakuna mapambo nyuma ya picha. Kuamka, choo, mswaki, uji, viatu, kutoka. Zilitundikwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, kimo cha macho ya mtoto, na tendo likiisha mtoto huitoa kadi na kuitia kwenye kopo. Seti ya kwanza ilikuwa na kadi 14 na mtoto aliitupa sakafuni. Zikapunguzwa kuwa tano. Kadi ya "uji" nayo ilibadilishwa, kwa sababu kikombe kilichochorwa kilikuwa cha bluu na chake ni chekundu. Kwa mtoto huyu hicho si kikombe chake, basi si uji wake.

Mama ndiye aliyegundua hilo la kikombe, bila kuambiwa. Aligundua pia kwamba kamba hiyo inamfaa yeye mwenyewe, akajiongezea kadi nne upande wa kulia: dawa ya chuma, kadi ya kliniki, chaji, jiko. Usonji na ADHD vina sehemu kubwa ya urithi, na si ajabu mama akajitambua wakati mtoto wake anachunguzwa. Mama mkwe hufuata kamba hiyo sasa anapobaki na mjukuu, na hajasema neno "mvivu" mbele ya wahudumu tangu hapo, nyumbani hatujui.

Rufaa na kilichobaki

Alikwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha akaelekezwa kliniki ya wagonjwa wa nje ya Mirembe, hospitali ya afya ya akili. Jina la Mirembe bado linatisha mjini, hivyo ilibidi aelezwe mapema kwamba watu huenda na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Bahasha ilikuwa na nakala ya utepe, dodoso mbili, ukurasa mmoja wa mifano ya nyumbani na kazini, na maneno ya bibi. Hakuna mahali mwezeshaji alipoandika jina la ugonjwa. Daktari anaendelea na tathmini ya ADHD na usonji, na suala la dawa wakati wa kunyonyesha liko mikononi mwake.

Dodoso la pili, baada ya vipindi 10, lilikuwa na alama 8. Katika muda huohuo mtoto alianza kulala saa tano mfululizo, mume alichukua zamu ya saa nane usiku, na wifi alihamia kwa mwezi mmoja. Sanaa haiwezi kudai alama zote tano.

Kwa wanaotaka kuiga mpango huu, mipaka ni hii: mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, kusikia sauti, kuamini mambo yasiyokuwepo, au kukosa usingizi usiku mbili hata mtoto akilala, hayo hayasubiri Jumamosi. Kuchanganyikiwa kwa aina hiyo humpata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na anapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Muuguzi alifuta yale maneno mawili kwenye daftari na kuweka safu mpya yenye vichwa vinne: sauti, mguso, saa, maelekezo. Inajazwa kwa kila mzazi siku ya kwanza, na huchukua dakika sita. Kwa mama huyu kumebaki kadi mbili, ya sare na ya basi la shule. Zitachorwa mwanzoni mwa Desemba na kutundikwa wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa Januari, na lebo ya sare itakatwa kabla haijavaliwa hata mara moja.